Jina, Bei na Mizani: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka Kumi

 

Kamati iliniambia, "Mwenyekiti, historia ameshaiandika katibu. Wewe tuambie jambo la nyumbani." Basi mimi nitasema juu ya sabuni. Msicheke. Kikundi hiki kilikaribia kufa kwa ajili ya sabuni, na mliokuwako mwajua.

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu. Tulikubaliana kununua vitu vya nyumbani kwa jumla, kila mmoja achukue chake alipe kidogo kidogo. Pesa nikapewa mimi. Nikakuta sabuni ya miche ya bei ya chini kabisa, nikasema leo nimepata! Nikachukua katoni kumi bila kuuliza mtu. Kumbe ile sabuni ukiiweka sahanini asubuhi, jioni ni uji. Wanachama walinijia juu, na haki walikuwa nayo. Wawili wakajitoa. Mmoja alirudi, yuko hapa amejifunga leso ya kikundi. Wa pili tukikutana sokoni huniamkia tu, akapita. Jambo hilo liko moyoni mwangu mpaka leo.

Baada ya hapo tukasema, tununue yenye jina tu, ile ya redioni. Tukafanya hivyo mwaka mzima. Lakini mweka hazina wetu, ambaye hapendi kuona shilingi ikitembea bila sababu, akauliza: "Hii pesa ya juu, twalipia sabuni ama twalipia redio?" Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hii iliyo njema inajitembeza usiku na mchana?

Ndipo tukaanza kuangalia vitu vya supamaketi. Hapa Mombasa supamaketi kubwa zina bidhaa zenye jina la duka lenyewe: unga, mchele, sukari, sabuni, karatasi za choo. Mara nyingi duka halina kiwanda chake. Huagiza kwa mwenye kiwanda, kisha hubandika jina lake. Halina haja ya kulipia matangazo mengi, na rafu ni yake. Kwa hiyo bei ikiwa chini, si lazima kitu kiwe kibaya. Lakini pia si lazima kiwe kizuri, na mimi ni shahidi wa katoni kumi.

Tukaamua kupima wenyewe. Tulitia sabuni ya unga ya jina kubwa katika mkebe mmoja, na ya supamaketi katika mwingine, tukafunga vitambaa vya rangi mbili. Vijiko sawa, maji sawa, mashati ya shule yenye uchafu uleule. Tulikuwa wanawake sita. Wanne hatukuweza kujua ipi ni ipi. Mmoja akaapa kuwa ya kitambaa chekundu ndiyo ya redioni kwa vile inanukia. Ilikuwa ya supamaketi!

Lakini sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ilitufundisha lingine. Ya supamaketi tulinunua shilingi 90, ikaisha siku 9. Ya jina kubwa shilingi 120, ikafika siku 15. Piga hesabu: ya kwanza ni shilingi 10 kwa siku, ya pili ni shilingi 8. Ile ya "rahisi" ndiyo iliyokuwa ghali. Ilikuwa maji matupu.

Basi haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, soma uzito kabla ya bei. Mche wa gramu 800 kwa shilingi 160 ni sawa na shilingi 200 kwa kilo. Wa kilo nzima kwa shilingi 190 ni nafuu kuliko huo, ingawa mkononi umetoa pesa zaidi. Wengine hupunguza gramu na bei wanaiacha palepale.

Pili, povu si usafi. Wengi wetu tunafua kwa maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni ya mche haitoi povu sawasawa katika maji hayo. Usilaumu sabuni kabla hujaijaribu kwa maji ya mvua.

Tatu, tafuta alama ya KEBS. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe vitamini na madini, uwe wa jina kubwa au wa duka. Na jina peke yake si kinga. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu ya aflatoksini, na zilikuwamo zinazojulikana na kila mtu. Sumu hiyo huletwa na ukungu mahindi yasipokauka vizuri, na jina halianiki mahindi.

Nne, kuna mahali pa kutobahatisha. Jiki isiyo na karatasi, inayouzwa katika chupa ya soda, msinunue hata ikiwa ya shilingi kumi. Hujui ina nguvu gani, maana jiki hupoteza nguvu kwa joto na kwa kukaa. Na mtoto akiona chupa ya soda, ataona soda. Mjukuu wangu nilimkuta ameshaifungua. Mungu alinifikisha kabla hajainywa. Tangu siku ile haiingii nyumbani kwangu.

Akina mama, kwa nini nasema haya siku ya sherehe? Tuko wanachama 28. Kila mmoja akiokoa shilingi 50 kwa wiki dukani, kwa mwaka ni shilingi 2,600. Sisi sote ni shilingi 72,800. Lakini zile 50 ukizibakisha katika mkoba, kesho zimekwisha na hujui zilikokwenda. Zitieni katika sanduku siku ileile.

Na mwenyekiti atakayekuja baada yangu, namuusia neno moja: usinunue kitu kwa pesa za wenzako kabla hujakijaribu pamoja nao. Pesa ya sabuni hurudi. Mwenzako akiondoka na kinyongo, huyo hurudi kwa shida.

Yule dada yetu wa pili, ikiwa kitabu hiki kitamfikia, kadi yake ya mchango bado tunayo. Mlango uko wazi.