Mafuta Yasiyoazimika
(Dominika ya 32 ya Mwaka A)



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya Dominika hii, kutoka sura ya 25 ya Mathayo Mtakatifu, yatuletea mfano wa wanawali kumi waliotoka kwenda kumlaki bwana arusi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia bwana arusi alipokawia. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walikuwa na akiba ya mafuta, watano hawakuwa nayo. Usiku wa manane, wale wasio na akiba waliomba wagawiwe, wakakataliwa; na walipokwenda kununua, mlango ukafungwa.

Wengi wetu hukwazwa na kukataa huko. Tumelelewa tukijua kwamba mtu akipungukiwa, jirani yake humpa. Mbona basi hawa wanaoitwa wenye busara wanaonekana kuwa wachoyo? Na mbona Bwana wetu, aliyewalisha maelfu nyikani, anawaweka mbele yetu kuwa mfano? Ili tupate jibu, twende kwa muda mfupi katika yadi ya malori jijini Dar es Salaam, jioni ya kuamkia safari.

Lori limekwisha kupakia. Kesho laelekea Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Njia hiyo nayo ina habari zake za mafuta. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, na Zambia ikapoteza njia ya kupitishia mafuta yake upande wa kusini, malori yaliyapeleka mapipa kutoka Dar es Salaam, yakipita katika vumbi na matope, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Siku hizi barabara ni ya lami, lakini milima ni ileile.

Dereva mwenye busara hangoji milima hiyo imfundishe. Jioni hiyo hutazama maji ya rejeta, oili na mkanda wa feni. Hufungua matangi ya upepo ili maji yaliyojikusanya ndani yatoke. Huzima injini na kutega sikio, kwa maana breki za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo, na upepo unaovuja husikika penye utulivu. Huingia uvunguni na kuangalia lainingi za breki zimebaki kiasi gani. Hugonga kila tairi kwa kipande cha chuma, hata lile la ndani lisiloonekana, akisikiliza mlio wake. Hukaza nati za magurudumu, hukagua kiungio cha trela, taa za nyuma, kamba na turubai. Kisha hufanya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni kazi: hulala.

Njiani, ndugu wapendwa, madereva husaidiana sana. Aliyepasukiwa tairi huazimwa jeki. Aliyechemkiwa na injini hupewa maji. Gari likiharibika gizani, matawi ya miti hutandazwa barabarani ili anayekuja nyuma aonywe. Huo ni upendo wa Kikristo, hata pale ambapo hakuna anayeuita hivyo.

Lakini vipo vitu viwili ambavyo hakuna awezaye kumwazima mwenzake. Lori lenye trela na mzigo laweza kufikia tani 56, ambazo ndizo kikomo katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Uzito huo ukishuka mlimani huku breki zikikanyagwa mfululizo, ngoma za magurudumu hupata moto mkali, na breki hukosa nguvu ya kushika. Ndipo dereva aliyejiandaa hushuka polepole kwa gia nzito. Asiyejiandaa atafanya nini? Je, katikati ya mteremko wa Kitonga aweza kumpungia mkono mwenziwe na kusema, “Nigawie breki zako”? Au yule anayesinzia alfajiri katika mbuga ya Mikumi, aweza kuomba usingizi ambao mwenzake aliulala jana? La hasha! Si kwamba wenzake ni wachoyo. Ni kwamba vitu hivyo havigawiki.

Ndivyo yalivyo mafuta ya wanawali wale. Sala ya mama yatusindikiza, lakini haikubali wito wa Mungu badala yetu. Imani ya mume haiwi imani ya mke. Dhamiri haikopeshwi. Na moyo wa kusamehe haupatikani ghafla kando ya kitanda cha mgonjwa, kama haukuzoezwa siku zote katika mambo madogo ya nyumbani.

Tena tusidhani kwamba matayarisho ni ya kujiokoa sisi wenyewe tu. Chini ya mteremko wa Iwambi, kuelekea Mbalizi, wapo watu waliojaa katika daladala, mama anayeuza ndizi na watoto wanaovuka kwenda shule. Hawatamjua kamwe dereva aliyelala uvunguni jioni ile, wala hawatamshukuru. Hata hivyo, alikuwa akiwapenda. Amri ya Tano hutunzwa pia kwa spana.

Hapa hatuna budi kusema neno na wenye magari. Dereva husema, “Tajiri, lainingi zimekwisha.” Naye hujibiwa, “Nenda tu, tutatengeneza ukirudi.” Maskini huyo afanyeje? Akikataa, kuna mwingine langoni anayeitaka kazi yake, na watoto wake hawana ada. Akikubali, anachukua mikononi uhai wake, wa utingo wake, na wa watu asiowajua. Wewe uliyetoa amri hiyo, fahamu kwamba umo ndani ya lori lile, hata kama umelala nyumbani. Damu itakayomwagika haitamwuliza dereva peke yake. Nawe dereva unayemwona utingo akitoka uvunguni na habari mbaya, usimnyamazishe kwa sababu ni kijana.

Mara kwa mara sisi mapadre huombwa kubariki magari, nasi hufanya hivyo kwa furaha. Lakini maji ya baraka hayakazi nati iliyolegea. Mungu hubariki kazi ya mikono yetu. Hachukui nafasi ya uvivu wetu, wala ya tamaa yetu ya faida.

Basi, juma hili kila mmoja wetu ajiulize: nina jambo gani ninalolisogeza mbele hadi nirudi? Ni ugomvi na ndugu? Ni deni? Ni maungamo? Tulishughulikie sasa, tungali yadini, taa zingali zinawaka na mlango ungali wazi.

Ee Bwana, uwalinde wote walio njiani usiku huu, uwape pumziko waliochoka, uwape haki walio chini ya amri za wengine. Nasi utujalie mafuta ya kutosha, ili utakapokuja utukute macho. Amina.