Kaya Moja Yaweza Kutufundisha Nini?



Leo tunatimiza miaka 10 ya umoja wetu. Ni desturi siku kama hii kuhesabu magunia yaliyopimwa ghalani na mbolea iliyogawanywa. Hesabu hizo ni njema, lakini hutwambia kiasi tu. Hazitwambii sababu, wala hazimtaji aliyeachwa nyuma.

Na tuikumbuke historia yetu. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ingawa Sumbawanga ni mbali mno na Dar es Salaam. Mbolea nayo ilitolewa kwa ruzuku. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne ya kulisha taifa. Lakini bei ile moja iliondolewa katika miaka ya 1980, na kufikia 1994 ruzuku nayo ilikuwa imekwisha. Ndipo gharama ya njia ikamrudia mkulima. Hesabu ya magunia haikuweza kutuonya, maana ilipima mavuno, haikupima nguzo iliyoyashika.

Kwa hiyo twapendekeza kila chama cha msingi kichague kaya chache na kuzichunguza kwa makini, msimu hata msimu. Zisiwe za wakulima hodari peke yao: iwepo ya mjane, iwepo ya kijiji kisichofikika wakati wa mvua, iwepo ya aliyejitoa chamani. Waulizwe: Kabla ya mpango mlilima vipi? Mbolea ilifika kabla ya kupanda au baadaye? Je, bado mwalima ntumba, yale matuta ya Kifipa ambamo majani hufukiwa yaoze? Msaada ukikoma kesho, mtasimama juu ya nini? Tena mavuno yakizidi, tuulize kama si mvua njema iliyoyaleta, kabla hatujajisifu.

Kweli, kaya tano hazisemi kwa niaba ya wanachama wote. Kazi ya kuhesabu itabaki pale pale. Bali mfano mmoja uliochunguzwa vema huonyesha jinsi jambo lilivyotokea, na hapo ndipo penye kurekebishika.

Yatakayopatikana yasomwe mbele ya mkutano mkuu, hata yakituuma sisi viongozi. Majina ya watu yafichwe, kasoro zisifichwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ushirika wetu na udumu.