Kinaya: Kusema Hivi na Kukusudia Vile



Mtoto ametumwa kisimani asubuhi, naye arudi jua likichwa. Mamaye amtazama, kisha amwambia, "Ahsante mwanangu, leo umefanya haraka mno." Hapana asiyejua ya kuwa maneno hayo si sifa. Kusema hivi na kukusudia vile ndiko kuitwako kinaya.

Kinaya si uwongo. Mwongo hutaka usiyatambue aliyoyaficha. Mwenye kinaya hutaka uyatambue, na usipoyatambua kazi yake imepotea bure. Mtoto yule hutambua kwa mambo mawili: sauti ya mamaye, na jua lililokwisha kuchwa. Lakini maandishi hayana sauti wala uso. Basi msomaji ajuaje?

Kutojua huko kwaweza kumdhuru mtu. Mwaka 1702 palikuwa Uingereza na ugomvi mkubwa baina ya wafuasi wa Kanisa la nchi na Wakristo waliojitenga nalo. Daniel Defoe, yule aliyekuja kuandika hadithi ya Robinson Crusoe mwaka 1719, alikuwa mmoja wa hao waliojitenga. Akatoa kijitabu kisicho na jina la mwandishi, akajifanya mfuasi mkali wa Kanisa, akashauri waendao katika mikutano ya waliojitenga wahamishwe nchi, na wahubiri wao wanyongwe. Alikusudia watu waone ubaya wa ukali huo. Lakini baadhi ya wakali waliusifu ushauri ule kama wa kweli, na waliojitenga wakaingiwa na hofu. Ilipojulikana ni nani aliyeandika, pande zote mbili zilimkasirikia. Kijitabu kikachomwa moto kwa amri ya Bunge, na mwezi wa Julai 1703 Defoe akasimamishwa hadharani mjini London siku tatu, shingo na mikono imebanwa katika mbao, kisha akarudishwa gerezani.

Kosa lilikuwa wapi? Maneno aliyoyaiga yalikuwa karibu mno na maneno waliyoyasema wakali wenyewe. Hakuweka jua la kuchwa ndani ya maandishi yake.

Mtazameni sasa Jonathan Swift, kasisi wa Dublin. Mwaka 1729 maskini wa Ireland walikuwa katika njaa na dhiki, na wenye mashamba wakizidi kuwakamua. Swift akaandika kwa upole, kama mtu wa hesabu, ya kwamba dawa ya umaskini huo ni kuwauza watoto wa mwaka mmoja wawe kitoweo cha matajiri. Akataja bei na idadi, na hata namna ya kuwapika. Jambo lenyewe lapita mpaka wa utu, na hiyo ndiyo alama ya kwanza. Ya pili i karibu na mwisho: ataja dawa zilizo za kweli, kama kuwatoza kodi wenye mali wakaao ng'ambo, kununua vitu vya nchini, na wenye mashamba kuwahurumia wapangaji wao, kisha asema hataki mtu amtajie mambo hayo. Basi hayo ayakataayo ndiyo ayatakayo.

Kwa hiyo, usomapo maneno yanayokushangaza, usikimbilie kukasirika wala kusadiki. Jiulize: Je, asemayo yapatana na mambo yalivyo? Je, mtu mwenye akili aweza kuyataka? Je, ni nani anayeumizwa na maneno haya, ni yule anayetajwa au ni yule anayesifiwa?

Nanyi wanafunzi mtakaoandika kinaya, kumbukeni ya kuwa msomaji haioni sura yenu. Mwachieni alama moja ya hakika, aione mwenyewe. Msimweleze kila kitu, kwani kinaya kilichoelezwa kimekufa. Wala msimnyime kila kitu, yasije yakawapata yaliyompata Defoe.