HOTUBA YA MWENYEKITI: TUSISEME TENA "NI KAWAIDA"



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina amekwisha kuzisoma. Mimi nina jambo moja tu.

Mwaka wa pili wa kikundi chetu, binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Akavimba uso na mikono, kichwa kikamuuma siku tatu, macho yakaingia kiwi. Mimi mama yake nikamwambia, "Ni kawaida, mwanangu, pumzika." Usiku akakakamaa, povu likamtoka. Wengine wakasema ni mashetani. Fedha ya kukodi gari sikuwa nayo. Wenzetu watatu wenye funguo walikuja usiku ule ule, tukafungua sanduku. Binti alipona. Mtoto hatukumpata.

Hospitali wakanieleza kwamba kile ni kifafa cha mimba, na chanzo chake ni presha inayopanda mimba ikishavuka miezi mitano. Ikifika 140 kwa 90 imekwisha kuwa juu. Mama anaweza asisikie lolote, ndiyo maana kliniki wanapima presha na mkojo. Basi msikwepe kliniki.

Tena nimejifunza kwamba mwili ukipungukiwa na madini ya chokaa, yaani kalsiamu, hatari hiyo huongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wa sehemu zenye upungufu huo wapewe vidonge vya kalsiamu. Hapa kwetu, Dar es Salaam, wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza waliingia katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024. Ikaonekana miligramu 500 kwa siku hazizidiwi na 1,500 katika kuzuia presha hiyo. Lakini mtu asijinunulie dukani, aulize kliniki kwanza. Na asivimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, aviachanishe kwa saa kadhaa.

Chakula chenye kalsiamu tunacho: maziwa, mtindi, uji wa ulezi, dagaa wanaotafunwa na mifupa yake. Lakini jamani, maziwa tunauza yote, na dagaa tunampakulia baba kwanza! Mjamzito anabaki na mchuzi. Akila udongo, haujazi pengo hilo. Hata akila vizuri, kliniki aende vile vile, maana chakula kinapunguza hatari, hakiiondoi.

Ombi langu kwenu leo: katika mfuko wa jamii tutenge fedha ya gari la mjamzito, isikopeshwe kwa mtu yeyote, hata mimi Mwenyekiti. Na sisi mama na mama wakwe, binti akisema kichwa kinamuuma au haoni vizuri, tusimwambie ni kawaida. Tumpeleke siku hiyo hiyo.