DAWA ZA SHINIKIZO LA DAMU: MATUMIZI YAKE NA SAUMU ZETU
(Maandishi ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Sisi si matabibu, kazi yetu ni kusomesha. Hata hivyo, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani huletewa maswali juu ya vidonge vya presha kana kwamba ni masuala ya fiqhi tupu, ilhali nusu ya jawabu iko kwa daktari. Kwa hiyo tumewauliza wenye fani yao kwanza, ndipo tukasimama hapa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.3 duniani wana shinikizo la damu, karibu nusu yao hawajijui, na ni mmoja tu katika kila watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Mtu huhesabiwa kuwa na maradhi haya iwapo, akipimwa siku mbili tofauti, namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi. Aghalabu hasikii maumivu yoyote. Na hapo ndipo penye hatari, kwani asiyeumwa huona tabu kumeza dawa.

Wako wasemao kuwa kumeza kidonge kila siku ni upungufu wa tawakkul. Tunawauliza: je, Mtume (s.a.w.) hakuvaa deraya siku ya Uhud? Hakupiga chuku? Hakuwaagiza Masahaba wajitibu? Ikiwa mbora wa wenye kutawakali alizishika sababu, ni nani miongoni mwetu aliyemzidi kwa imani hata azitupe?

Wengine huacha kwa sababu nyingine. Wamepimwa, wameambiwa presha iko sawa, wakasema, "Alhamdulillah, tumepona." Ndugu zetu, kwa walio wengi dawa hizi haziyaondoi maradhi, bali huyashika yasipande. Chombo kinachovuja hukauka kwa sababu baharia anafua maji; akiuona ukavu akalitupa kata, hatafika mbali. Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu aliacha vidonge mwezi wa Shaabani kwa hoja hiyo hiyo, akapatwa na kiharusi kabla ya Idi. Yu hai, lakini mkono wake wa kulia hauwezi tena kufungua msahafu.

Dawa zenyewe ni za namna mbalimbali, na kila moja ina tabia yake. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, jambo ambalo watu hulidhania ni ugonjwa wa figo. Dawa za kukojosha, kama haidroklorothayazaidi, hupunguza maji na chumvi mwilini. Atenololi na propranololi hupunguza kasi ya moyo. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa, na anayezitumia asizikate ghafla, kwani moyo huweza kudhurika. Kisha kuna jamii ya kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, ambazo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha kwa dawa ya kikohozi. Wa namna hiyo arudi kwa daktari abadilishiwe, mara nyingi apewe losartani, wala asiache kimya kimya. Ama akivimba midomo, ulimi au uso, asimeze tena, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Tumeulizwa pia kama kaptoprili ni halali, kwa kuwa imesikika imetokana na sumu ya nyoka. Ni kweli kwamba wataalamu waliongozwa na sumu ya nyoka wa Brazili katika kuibuni, lakini kidonge hutengenezwa maabara, na hakina sumu ya nyoka ndani yake. Meza, ewe ndugu, bila wasiwasi.

Mama zetu wenye umri wa kuzaa wasikilize hapa kwa makini. Jamii hiyo ya kaptoprili, pamoja na losartani, humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye kutumia akihisi ana mimba, au akikusudia kushika mimba, amwone daktari mara moja, kwani zipo dawa nyingine zinazofaa kwa wajawazito, kama methildopa.

Sasa tuje kwenye saumu. Kumeza kidonge mchana kunafunguza. Hilo halina ubishi. Lakini si lazima kidonge kimezwe mchana. Dawa nyingi za siku hizi humezwa mara moja kwa siku, na daktari huweza kuihamishia futari au daku. Za mara mbili huweza kugawanywa kati ya nyakati hizo. Ya kukojosha ndiyo yenye kuhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa humkausha mtu maji, na mfungaji mwenye kukauka huona kizunguzungu anapoinuka kutoka sijida, hasa katika Tarawehe. Basi mwoneni daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia saumu. Asijipangie mtu mwenyewe, wala asimeze vidonge viwili futari ili kufidia alichokiacha. Na daktari mwaminifu akikataza saumu, rukhsa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185: mwenye kutarajia kupona atalipa, na asiyetarajia atamlisha maskini. Kuikataa rukhsa ya Allah huku unaiangamiza nafsi si uchamungu.

Juu ya meza ya futari pia pana mambo. Sisi tuliosoma katika nchi za Kiarabu twakijua kinywaji cheusi kiitwacho irqisusi, kitokanacho na mizizi ya mti, kipendwacho mno katika Ramadhani. Kikinywewa kwa wingi hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini, na kwa mwenye kutumia dawa ya kukojosha madhara hayo huzidi. Habasoda tunaiheshimu, na chuku ni sunna, lakini hatukuambiwa tuzifanye sababu ya kutupa dawa. Mwenye kuzitumia amjulishe daktari wake.

Hatari nyingine ni dawa za maumivu. Wazee wetu wenye magoti mabovu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kuuliza, nazo hupandisha presha. Zikikutana na dawa ya kukojosha na moja katika jamii ya kaptoprili, huweza kuziharibu figo. Mwulizeni mfamasia kuhusu parasetamoli badala yake. Kadhalika, someni jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni tu: Norvasc ni amlodipini, hivyo mwenye maboksi hayo mawili huenda anameza dawa ile ile mara mbili. Nendeni kliniki na vidonge vyote mfukoni, na wala msigawiane na jirani kwa kuwa "naye ana presha."

Mwisho, ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yamemtatika ghafla, usimtilie kidonge cha nifedipini chini ya ulimi kama ilivyozoeleka zamani, kwa sababu presha ikishushwa kwa kishindo ubongo hukosa damu. Usimpe chakula wala kinywaji. Tazama saa, ukumbuke yalianza lini, kwani daktari atakuuliza hilo kwanza, kisha tafuta gari.

Wabillahi tawfiq.