Tusimcheke Aliyelizwa

"Ile hela itume kwenye namba hii." Msikilizaji, karibu kila mwenye simu hapa Tanzania ameshaupata ujumbe huu, na wengi wetu tumeufuta huku tukicheka. Leo naomba tuache kucheka.

Hebu utazame unavyofanya kazi. Tapeli hakujui. Anawatupia watu kibao kwa mpigo, kama mvuvi anayetega jarife asijue atanasa samaki gani. Hataji jina, hataji kiasi, wala hasemi hela ya nini. Nafasi hizo kaziacha wazi makusudi, uzijaze mwenyewe. Sasa mchukulie mama mpangaji: kodi anadaiwa, yuko kwenye foleni kwa wakala, anamsubiri mwenye nyumba amtumie namba. Simu inalia. Kwake yeye, ujumbe ndio huo aliokuwa akiungoja. Anabonyeza namba ya siri, hela imekwenda.

Tunasema kalizwa kwa ujinga wake. Nakataa. Mwezi Mei mwaka 2000 ilisambaa duniani barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ilianzia Manila, Ufilipino. Ukilifungua faili lililoambatana nayo, virusi viliharibu mafaili yako, kisha vikajituma kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Bunge la Uingereza lililazimika kuzima barua pepe zake, na Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, nayo ikakumbwa. Kote huko kuna wataalamu wa mitambo. Lakini barua ilikuja kwa jina la mtu unayemfahamu, na inasema inakupenda. Wangapi wangeiacha bila kuifungua?

Mtu anayetarajia jambo, tena ana haraka, hahakiki. Tapeli analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hahangaiki kuvunja mitambo ya benki.

Na kicheko chetu kinamlinda. Aliyelizwa anaona aibu, anamficha hata mumewe, na namba ile inaendelea kuliza wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata kama hujapoteza shilingi. Na wewe askari wa mapokezi, mama yule akifika, muulize kwanza namba iliyopokea hela na saa aliyotuma. Swali la "ilikuwaje mpaka ukatuma?" liweke kando, maana wakati unamhoji hilo, mwizi wake yuko kwa wakala mwingine anazitoa.