Babu Mmoja, Makabila Manne: Kufuatilia Nasaba za Waogiek wa Mau Katika Nyaraka Zinazopingana



Nitaanza na mzee mmoja. Nimemuunda mwenyewe kwa kuunganisha mambo niliyoyakuta katika familia nyingi, kwa hiyo asije mtu wakati wa chai akaniuliza ni babu ya nani. Kwenye kipande chake, ile hati ya kazi ya wakati wa ukoloni, anaitwa Kiprono, kabila Dorobo. Kwenye daftari la ubatizo ni Johana arap Koech, kabila Lumbwa. Kwenye orodha ya waliogawiwa shamba pembeni mwa msitu ni Johana Koech, Mtugen. Wanawe wanasema baba alikuwa Mwogiek, na bibi yao kabla hajafa alisema hivyo hivyo. Umri nao una mambo yake: ukiufuata kipande alizaliwa karibu na 1908, ukilifuata kanisa ni 1915, na kitambulisho kinasema 1921.

Mjukuu wake amekuja na makaratasi yote manne katika mfuko wa plastiki na swali moja: ipi ni ya kweli? Wengi wetu hapa hupiga kura. Karatasi mbili zikikubaliana tunaziamini, au tunachukua iliyo ya zamani zaidi, au ile yenye muhuri mkubwa. Naomba leo tuiache tabia hiyo. Kila karatasi iliandikwa na mtu aliyekuwa na haja yake, na mzee aliyesimama mbele ya meza naye alikuwa na haja yake. Ukizijua haja hizo mbili, karatasi inayosema uongo itakufaa sawa na ile inayosema kweli.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo vijana wengi hukwama na kurudi nyumbani. Kiprono ni mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni, mbuzi wakirudi. Arap Koech maana yake mwana wa Kipkoech, yaani baba yake alizaliwa kukipambazuka. Kwa hiyo Kiprono wa kipande na arap Koech wa kanisani si watu wawili. Ni jina la utotoni na jina la utu uzima baada ya jando. Kwa kawaida mwana wake angeitwa arap Rono, na jina la ukubwani lingebadilika hivyo kila kizazi. Kisha ikaja shule. Mtoto wa kwanza, aliyepita jandoni kabla ya kuandikishwa popote, akaitwa Rono. Mdogo wake mwalimu alimuuliza jina la baba, akajibu Koech, likakwama hapo hadi leo. Ndugu wa tumbo moja, kwenye karatasi wana baba tofauti. Nimeona mirathi ikikwama kwa sababu ya herufi hizo chache. Na waliovukia upande wa Narok, wakakaa na Wamaasai na kuwauzia asali, msishangae mkiwakuta wameandikwa kwa "ole" mahali pa "arap".

Sasa kipande chenyewe. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920. Mwanamume wa miaka kumi na sita kwenda juu alitembea nacho ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni: jina, kabila, alama za vidole, na aliyemwajiri. Karani hakutafuta nasaba. Alitaka kumjua mtu huyu akitoroka shamba la mlowezi kule Njoro au Molo. Ndiyo maana umri uliandikwa kwa kutazama uso, na ndiyo maana alama za kidole na namba ya kipande ni za kuaminika kuliko jina. Katika kambi moja ya vibarua mngeweza kuwakuta akina Kiprono watano. Na wanawake hawakupewa kipande. Hata baada ya uhuru waliingia katika sheria ya vitambulisho 1978 tu, kwa hiyo nyanya wengi hawapo katika karatasi za serikali mpaka wakiwa tayari na wajukuu. Ukifuata karatasi peke yake, utapata ukoo wa wanaume wasio na mama.

Kabila ndilo gumu zaidi. "Dorobo" si jina walilojiita Waogiek. Limetokana na neno la Kimaasai, Il-Torobo, la kumtaja mtu asiye na ng'ombe, maskini. Wazungu wakalichukua na kuwabandika wawindaji na warina asali wa misitu mingi, wakiwemo wasioelewana hata kwa lugha. "Lumbwa" nalo ni jina ambalo wakoloni walilitumia kwa Wakipsigis. Basi ilikuwaje mtu akaingia kazini akiwa Dorobo, akabatizwa akiwa Lumbwa? Jibu moja liko katika Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Jaji Morris Carter, iliyoanza kazi 1932 na ripoti yake ikatoka 1934. Tume hiyo ilipendekeza kwamba Wadorobo wahamishiwe, pale inapowezekana, katika hifadhi za makabila waliyokaribiana nayo. Hawakutengewa ardhi yao. Mtu aliyeambiwa kwamba kabila lake halina hifadhi, na jirani yake Mkipsigis anayo, angejiandikisha vipi? Neno "Lumbwa" katika daftari lile halitupi asili ya mzee. Linatueleza alikosukumwa, na linatupa kipindi alichosukumwa. Mwanahistoria huhitaji yote mawili.

Hili halikuwapata Waogiek peke yao. Walenape wa Marekani, waliokuwa kando ya mto ambao Waingereza waliuita Delaware kwa heshima ya bwana wao De La Warr, waliitwa jina la mto huo, wakafukuzwa hatua kwa hatua kuelekea magharibi, wengine wakaishia Kanada. Mwaka 1867 kundi moja lilitia saini mkataba na Wacherokee, na baadaye wajukuu wao wakaorodheshwa ndani ya madaftari ya Wacherokee. Leo mtafiti wa nasaba ya Kilenape hukuta babu mmoja ni Delaware kwa wamisionari wa Moravia, Cherokee kwa serikali, na Lenape jikoni kwa bibi yake. Mnaona? Carter angeelewana vizuri na makarani wale.

Msidhani mambo yaliisha na ukoloni. Sensa ya 2009 iliwahesabu Waogiek 78,691. Ile ya 2019 ikawahesabu 52,596. Watu zaidi ya elfu ishirini na sita hawakufa katika miaka kumi, wala Mau haikupatwa na tauni. Kilichobadilika ni jibu mlangoni, au swali la karani, au vyote viwili.

Rika linasaidia kuhusu umri, lakini kwa uangalifu. Ukiambiwa mzee ni Chumo, umepata kipindi cha miaka kumi na kitu, si mwaka, na kipindi chenyewe hakikufunguliwa siku moja kila mahali. Tena majina ya marika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe na wenzao hurudi baada ya karne moja hivi. Ukisikia Sawe katika hadithi ya vita vya zamani, uliza ni Sawe yupi. Lakini rika lina jaribio zuri sana ambalo karatasi haina. Mtu haoi binti wa rika lake, kwa kuwa huyo ni kama mwanawe. Nasaba uliyoichora ikionyesha Maina ameoa binti wa Maina, kuna kosa: ama rika, ama baba wa mke. Nimewahi kugundua kwa njia hiyo kwamba "baba" aliyeandikwa katika cheti alikuwa kaka mkubwa aliyemlea mtoto.

Nako msituni kuna daftari jingine. Kwa desturi kila ukoo wa Waogiek ulikuwa na ukanda wake wa msitu, ukipanda kutoka mabonde ya chini hadi miinuko ya baridi, kwa sababu maua hayachanui kote kwa wakati mmoja na nyuki huyafuata. Mipaka ilikuwa mito na migongo ya milima. Muulize mzee mizinga ya baba yake ilitundikwa kati ya mto gani na mto gani, na ya baba wa mkewe je. Atataja mito kabla hajataja miaka, na mito hiyo mara nyingi hutofautisha koo mbili ambazo karani aliziandika kwa jina moja.

Simulizi nayo ina haja zake, msinielewe vibaya. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kukata hekta zipatazo elfu thelathini na tano kutoka msitu wa Mau Mashariki, na ardhi inapogawiwa mababu huongezeka. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek zilikiukwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu, na ardhi yao ya jadi ipimwe na wapewe hati. Orodha za wanaostahili zitatengenezwa. Naogopa orodha itakayotaka kila mtu awe na kabila moja tangu babu hadi mjukuu, kwa sababu ataachwa nje yule hasa ambaye babu yake alilazimika kuwa Lumbwa.

Kwa hiyo katika fomu tutakazojaza mchana nimeondoa nafasi ya "kabila". Badala yake kuna mistari minne kwa kila mtu, na kila mstari unauliza: aliandikwa nani, na nani, wapi, kwa shughuli gani. Yule mzee wetu atakuwa Dorobo kazini, Lumbwa kanisani, Mtugen katika ugawaji wa shamba, na Mwogiek kwa wanawe. Msifute hata mmoja. Na juu ya hiyo minne kuna mstari wa mama, uanze huo kabla hujafungua mfuko wa plastiki: alitoka ukanda wa mto upi, na nani alikuwa akirina mizinga huko.